Karatasi Niliyoisoma kwa Sauti

Kwako, mwanafunzi wangu wa dawati la tatu, upande wa dirisha,

Jina lako silitaji. Nimekuandikia barua mbili, zote zimerudi hazikufunguliwa. Sikulaumu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, sembuse nyoka mwenyewe akikuandikia. Basi hii ya tatu nimeipeleka gazetini. Huenda ukaisoma, au huenda ikakufikia imefungiwa maandazi. Vyovyote vile, itakuwa wazi, na atakayeaibika humu ni mimi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikifundisha elimu ya nafsi pale chuoni kwetu Tanga, kama kufundisha ndilo jina lake? Niliingia na shati jeupe lililopigwa pasi, nikafungua daftari langu, nikasoma, nanyi walimu watarajiwa mkaandika. Hofu ni nini, nukta. Kumbukumbu ni nini, nukta. Mtoto wa miaka saba ana tabia hizi nne, nukta. Jioni mlizikariri kwa sauti, nami nikipita barazani nikisikia maneno yangu yakirudi vilevile, nilitembea kifua mbele. Kuhusu mtoto mwenyewe hakuna aliyejua kitu, nami nikiwa wa kwanza.

Isipokuwa wewe. Siku ya mazoezi ya kufundisha ulipewa darasa la kwanza, na mle ndani mlikuwa na binti mdogo wa kibarua wa mkonge, ambaye kwa wiki mbili hakuwa amefungua kinywa. Mimi nilikaa nyuma na fomu yangu. Uliacha ubao, ukaenda ukakaa sakafuni kando yake, na kaptula yako safi, ukaanza kuhesabu mbegu za ukwaju. "Tatu, nne, sita." Ukarudia: "Tatu, nne, sita." Mara ya tatu yule mtoto akachoka na ujinga wako, akapaza sauti, "Tano!" Darasa zima likacheka, naye akacheka.

Unajua nilichokuandikia. "Mwalimu hakai chini. Anajivunjia heshima." Nikakukata alama. Ulinifuata nje ukaniamkia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu," kisha ukaniuliza, "Sasa ikiwa yeye yuko chini, mimi nimtafute wapi?" Nikakwambia upunguze maneno.

Lakini swali lako lilinikera wiki nzima. Mwanafunzi kunizidi! Nikaona nami niwe na mbinu. Tulipofika somo la hofu nililiweka daftari kando, nikawaambia kila mmoja aandike jambo lililomtisha kupita yote utotoni. Mkatazamana. Ni wewe uliyenyanyua mkono.

"Mwalimu, nani atasoma?"

"Ni baina yako na mimi, basi."

Nilisema hivyo kwa kinywa changu mwenyewe. Ukaniamini, ukaandika kurasa mbili. Uliandika jambo la jandoni. Zaidi ya hapo sisemi, nimekwisha kulisema mara moja na lilitosha.

Mimi mtoto wa mjini, wa ukoo wa Kimanga, nilitahiriwa mchanga chumbani kwa bibi. Jando kwangu ni kidonda ambacho hata sikikumbuka, na sinia la pilau nililosimuliwa. Sikujua kuwa kwenu mambo ya kumbini, kule wavulana wanakotiwa jando, yana kiapo cha kutosemwa nje. Hapana, huo nao ni uongo. Nilijua, maana nani wa Tanga asiyejua? Nilijua, nikaona kuwa karatasi yako ni mfano mzuri kuliko yote.

Kesho yake nikaisoma darasani. Jina nililiruka, nikajiona mjanja. Lakini jina la mto wa kwenu nililisoma, na katika darasa lile aliyetoka ng'ambo ya mto ule ulikuwa wewe peke yako. Nilipofika nusu niliona vichwa vinageuka, kimoja kimoja, kuelekea dirishani. Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukohoa, kuangusha chaki, kusema kengele imelia. Niliendelea mpaka nukta ya mwisho, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi darasa zima lilikuwa likinisikiliza.

Mchana ule kwenye chumba cha kulia wenzako walianza kugonga meza kwa vidole, ule mdundo wa ngoma ya kumbini, kila ulipopita na sahani yako. Nilisikia. Nikamaliza wali wangu. Jioni alinijia mwanachuo mmoja wa darasa la juu, wa huko kwenu, mtu mzima kidogo, akasimama mlangoni asiingie.

"Mwalimu, kuogopa si neno. Kumbini sote twaogopa. Ila hayatoki. Sasa yametoka, na aliyeyatoa ni yeye."

"Si yeye, ni mimi," ndivyo nilivyopaswa kusema. Nikamwambia nitazungumza na darasa. Sikuzungumza. Siku ya nne kitanda chako kilikuwa kitupu, godoro limekunjwa, na vitabu vya chuo umevipanga juu yake, hakikukosekana hata kimoja.

Bado nina moja la kukiri, nalo hulijui. Mkuu wa chuo aliniuliza kwa nini kijana hodari kama wewe ameondoka ilhali imebaki miezi sita tu. Nikamjibu, "Hakuwa na moyo wa ualimu." Nimelimeza hilo miaka minne. Nikikumbuka nilivyolitamka, kwa sauti ya mtu mwenye busara, naona haya hata nikiwa peke yangu chumbani.

Mwaka huu mkaguzi mmoja aliyepita njia ya Horohoro alirudi na habari. Kuna karani wa shamba la mkonge, alisema, ambaye kazi ikiisha huwakusanya watoto wa vibarua ghalani akawafundisha kusoma. "Lakini ajabu, bwana, yule jamaa akaa chini nao!" Walimu wenzangu wakacheka. Mimi niliaga kwamba kichwa chaniuma, nikaenda zangu.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkuu nikamwambia kuwa nilidanganya, na kwa nini. Akasema miezi yako sita ipo; ukitaka, rudi umalize upate cheti chako. Hilo ndilo lililokuwa ndani ya zile barua mbili.

Na mwezi uliopita tulifika tena somo la hofu. Sikumwambia mtu aandike. Niliandika mimi, nikasimama mbele yao na shati langu la pasi, nikasoma. Kwamba nilikuwa kikojozi mpaka miaka kumi na miwili. Kwamba mama alikuwa akianika mkeka wangu nyuma ya jiko ili wageni wasiuone, na sikukuu moja binamu zangu wa Pangani wakaugundua, wakaubeba wakauzungusha mtaa mzima, nami nikajificha chini ya kitanda mpaka magharibi. Jina langu sikuliruka.

Mmoja alicheka, nikamwacha acheke. Kisha mwingine, mpole, asiyesema kamwe, akauliza, "Mama naye alifanyaje?"

"Aliufuata mkeka, akaufua, akaurudisha palepale nyuma ya jiko. Hakunitajia mpaka anakufa."

Nilikunja karatasi yangu, na ndipo nikajua uzito wa nilichokufanyia wewe.

Mwanangu, kurasa zako mbili ninazo. Ziko ndani ya bahasha, sikuzinakili wala sikumwonyesha mtu tena. Ni zako, nitazitia mkononi mwako, uzichome ukipenda. Siombi unisamehe gazetini. Hiyo itakuwa kukusimamisha mbele ya watu mara ya pili. Ukitaka cheti, njoo. Usipotaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi nitakuja mimi. Nitasimama nje ya ghala mpaka useme niingie, na ukisema nirudi, nitakuachia bahasha nirudi.

Wasalimie watoto wako. Na ukiniruhusu kuingia, usinitafutie kiti.

Wako katika aibu,
Mwalimu wako wa elimu ya nafsi