Dohani ya Mama na Chokaa ya Baba

Kwa Mzee Muhidini Mwashi,
Nyuma ya msikiti,
Mbeya.
Jumamosi, 13 Novemba 1954

Mpendwa kaka Matano,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi yangu Bibie na watoto, na kwamba lile jicho la Muharami limepoa. Mwambie shangazi yake anamwulizia, na kama bado anaikimbia dawa nitashuka Tanga mwenyewe nije kumshika miguu. Sisi huku hatujambo kwa uwezo wa Mungu. Baridi imepungua, vikohozi vimebaki.

Umekaa kimya mno, kaka. Wino wa Tanga umekauka, au ni mkono ulionenepa kwa samaki? Nilikuwa nimeapa kwamba sikuandikii mpaka uniandikie wewe kwanza. Kiapo nimekivunja, na kafara yake nitakudai.

Mchele wa Ubaruku umeadimika sokoni kwa kuwa wenye malori wanaihofia barabara, kwa hiyo tunakula ugali kama wenyeji, na Baba ananung'unika kama mgeni aliyefika jana. Jirani yetu Mama Evarista amerudi kutoka kwao Iringa na mfuko wa ulezi, akatugawia. Anakusalimu sana. Angali anakuita yule kijana mwenye kelele za nyundo.

Sasa nikwambie la nyumbani, maana ndilo lililonikalisha chini.

Mvua za mwaka huu zimetangulia. Ile ya kwanza ilipiga alasiri, si kubwa, ya kulaza vumbi tu, na maji yakaingia pale pale unapopajua, pembeni ya dohani ya kutolea moshi katika chumba cha mama. Zamani yalikuwa tone tone, tukitega sufuria tukicheka. Safari hii yalishuka ukutani, rangi ya chai, na yaliendelea kushuka mvua ilipokwisha kukatika na jua limetoka. Hilo ndilo lililonitisha. Maji yanayoshuka huku jua linawaka yana mahali yalipokaa, kaka. Yamefanya makao.

Unajua dohani ile ilivyo. Yule mzungu wa dhahabu ya Lupa aliyeijenga aliizungushia bati jembamba pale matofali yanapopenya paa, na bati lilipoliwa na kutu Baba akalifunika kwa chokaa. Na kwa nini asilifunike? Ni mwashi wa Pangani, na Pangani paa la nyumba ya mawe hupakwa chokaa, likapigwa kwa vijiti mpaka likang'aa, likakaa umri wa mtu. Lakini kule chokaa iko juu ya mawe. Hapa iko juu ya mabati, na mabati ya Mbeya mchana yanatanuka kwa jua, usiku yanasinyaa kwa baridi. Chokaa haiwezi kuicheza ngoma hiyo, inapasuka. Baba akiona ufa anapaka tena. Kila mwaka kabla ya mvua, tabaka juu ya tabaka. Tumefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Baba ameziba ufa miaka yote hii, na ukuta ameujenga vilevile, uko juu ya paa. Ukisimama barabarani sasa unaiona shingo ya dohani imevimba kama ya mtu mwenye rovu.

Ijumaa iliyofuata Baba alipokwenda msikitini nilipanda juu ya dari na kisu cha jikoni. Ndiyo, mimi, kanga nimeifunga kibwebwe, cheka upendavyo. Nilikwenda mpaka kwenye ile boriti kubwa inayopita chini ya dohani, nikaichoma kwa ncha ya kisu. Kiliingia mpaka kwenye mpini, kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nilipokichomoa kilitoka na maji. Nilishuka nikakaa chini sakafuni.

Ndipo nikaelewa kwa nini mlango wa chumba kile haufungiki tena. Wakati wa kipupwe ulikuwa unafungika kwa kidole. Sasa unakwama juu, kwa kuwa kilicho juu yake kimeshuka.

Nilimwita fundi Jailos, seremala wa Kinyakyusa aliyetutengenezea madirisha. Alitazama akiwa ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani.

"Mama, hii mti imekwisha," aliniambia. "Ile chokaa ndiyo inashika dohani, na dohani ndiyo inashika chokaa. Chini hakuna kitu."

Nikamwuliza kama anaweza kuivunja. Akakataa. Alisema atakayepiga nyundo ya kwanza pale, dohani ikianguka, Mbeya nzima itasema ndiye aliyeiangusha. Boriti ataibadilisha, lakini chokaa aivunje mwenye nyumba au mtoto wake, na bati la kuzungusha shingo ya dohani alikunje fundi bati anayejua kazi. Hakujua kwamba fundi bati anayemtaja ni wewe.

Alichokubali ni kusimamisha nguzo mbili za mkaratusi chini ya boriti. Hazikukaa. Baba aliporudi alizitazama, akazikumbatia moja moja akazitoa nje mwenyewe, mzee wa umri ule, akihema. Akaniambia, "Nyumba yangu haitembelei magongo, Mwantumu. Siku nitakayotembelea magongo mie, nayo itatembelea."

Kaka, wewe na mimi tunajua kinachomkaza shingo. Si chokaa. Ni siku ya matanga ya mama, tone lilipoanguka ndani ya kikombe cha shehe, nawe ukasema mbele ya watu wote kwamba chokaa ile ivunjwe, utaikunjia dohani bati na maji hayataingia tena. Ulisema kweli. Lakini ulimwambia mwashi, mbele ya waliokuja kumpa pole, na kaburi la mkewe bado bichi. Tangu siku ile bati halitajwi katika nyumba hii, na wewe unatajwa kwa shida. Akikubali leo chokaa ivunjwe, atakuwa amelikubali na lile neno lako.

Na dohani yenyewe ni ya mama. Unakumbuka alivyokuwa akilia kwa baridi tulipopanda huku, mikono ameificha kwapani, akisema Mungu hakuiumba Pwani bure. Baba aliinunua nyumba hii kwa ajili ya moto ule wa ukutani tu, ili mama apate pa kuota. Angali anauwasha kila jioni, na kiti cha mama hakikaliwi na mtu.

Sasa sikia alilolifanya. Nilimwomba Mama Evarista asikae tena chumba kile anapokuja kuota moto, na Baba akasikia. Kesho yake nilimkuta amekihamishia kitanda chake pale, mchago, upande wa kichwa, chini ya boriti yenyewe, ili majirani wajue kwamba binti yake ni mwoga na nyumba ni nzima. Analala pale mpaka leo. Ile methali ya sikio siiandiki, naiogopea kalamu yangu. Unaijua.

Usidhani natia chumvi. Naogopa, kaka, naogopa kweli. Nikiwa jikoni nasikia changarawe zikishuka ndani ya dohani, kidogo, halafu kimya, halafu kidogo tena. Asubuhi nikienda kumwamkia nakuta unga mweupe juu ya blanketi lake. Anaupangusa kwa kiganja akiniambia ni majivu. Majivu nimeyachota tangu utoto, nayajua.

Na mwisho wa mwezi ni hitima ya mama. Unajua Baba huisomesha wapi: chumba kile kile, mikeka ukuta hadi ukuta, watu wamekaa magoti yamegusana, moto unawaka. Ameshawaalika.

Jumatatu

Barua niliiacha hapo kwa sababu sikuwa na la kukuomba ambalo Baba asingelikataa. Sasa ninalo.

Jana mvua ilirudi, na safari hii ilikuwa kubwa. Baba alikuwa barazani na mgeni, wanakunywa kahawa. Tukasikia kishindo chumbani. Si dohani, alhamdulilahi. Ni kipande cha chokaa, kikubwa kama jiwe la kusagia. Kilikuwa kimepasua mbao za dari na kukaa juu ya mto wake, mahali pa kichwa. Mgeni aliaga mapema.

Baba aliketi kitandani karibu na kipande kile, akakigeuza. Upande wa juu kilikuwa cheupe, kimelainishwa kwa mwiko wake, kizuri, hata Pangani kisingemtia mtu aibu. Upande wa chini kilikuwa cheusi, kimeota ukungu. Alikitazama upande ule muda mrefu. Kisha akakibeba akakitoa nje. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa mkono.

Baadaye nikasikia jiwe la kunolea. Tindo lake la kuvunjia chokaa, lile ambalo hajawahi kumwazima mtu, wewe ukiwemo, amelinoa, akalifunga kwa kitambaa, akaliweka juu ya kasha lako lililobaki chumba cha nyuma. Halafu akaniita.

"Mwandikie Matano aje kwenye hitima ya mamake," alisema. "Aje mapema. Mengine usimwandikie."

Mengine ndiyo hayo nimekwisha kukuandikia, Mungu anisamehe. Basi ukija, ujue hujaambiwa kitu. Umekuja kwenye hitima. Mkasi wako wa bati ufiche chini ya nguo, usiutoe mpaka yeye mwenyewe akupe lile tindo. Na akisema chokaa hii ya Songwe haina nguvu kama ile ya matumbawe ya kwetu, mwitikie. Sema kosa ni la chokaa. Mzee atapata pa kushika, nawe hutapungukiwa. Jailos yuko tayari na mbao zake. Dohani ikipona, ipone. Isipopona, ishushwe tofali moja moja kwa mikono ya watu wawili wanaoijua, isishuke yenyewe.

Barua hii usiijibu kwa barua. Ukifika Dodoma panda basi la Reli la kwanza, na Iringa usipitie kwa mtu kusalimia, utasalimia wakati wa kurudi. Barabara ikilowa sawasawa magari yatakwama, na hapo hata ukitaka kuja hutaweza. Huku mlima Loleza umefunikwa na wingu tangu asubuhi.

Nisalimie wifi Bibie, mwambie anisamehe kwa kumnyang'anya mume. Nibusie watoto wote, Muharami mara mbili kwa ajili ya jicho. Shangazi Mwanakhamisi akija hapo kutoka Pangani, msalimie kwa heshima zote na habari hizi usimpe, ataomboleza kabla ya wakati. Mama Evarista na Jailos wanakupa salamu.

Mungu akufungulie njia, na aizuie mvua nyuma ya mlima mpaka mguu wako ukanyage baraza hii.

Ni mimi dada yako nikupendaye kwa dhati,
Mwantumu binti Muhidini

Nilikuwa nafunga bahasha Baba akapita, akaniuliza kama nimekuandikia kwamba nyumba ni nzima. Nimemwambia nimeandika. Lile tundu la dari ameliziba kwa gunia. Kitanda hakukiondoa.