Kilomita za Marehemu

Mujuni,

Ndizi na maharage vimo kwenye sufuria, nimevifunika kwa majani ya mgomba. Mkeo Elieth awape mbuzi maji. Yeye sina ugomvi naye. Mimi nimekwenda Izigo kwa shangazi yako. ~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi nikitaka.

Asubuhi umenivuta mkono hadi kwenye Pijo ya marehemu baba yako, meno yote nje. Sikatai, dashibodi imetengenezwa ikatengenezeka. Vioo vimetakata, mshale wa spidi umepakwa rangi upya, taa zinawaka. Kisha nikatazama kwenye kilomita. Sifuri tupu. Nawe unacheka: "Mama, nimemwambia fundi azirudishe mwanzo, gari lionekane limetoka dukani leo."

Nani alikutuma? Vioo na taa tulikubaliana. Kilomita hukuniuliza.

Baba yako tarehe zilimshinda maisha yake yote. Kila nilipojifungua, alinileta na mtoto kutoka hospitali mpaka hapa Nshambya, akazima injini, akasoma kilomita, akaingia ndani kuziandika kwenye jalada la Biblia, mbele ya jina la mtoto. Kumbukumbu yake ilikuwa hiyo tu.

Biblia nimekuachia hapa mezani, usiweke chai juu yake. Mbele ya jina lako kaandika 48,316. Isome, kisha nenda kasome na kilomita za gari lako jipya.

Kwa gari hilo, wewe bado hujazaliwa.

Mama yako, kwa mujibu wa Biblia