Siku Nkandu Alipokamata Picha ya Liévin

Cité Albert,
Élisabethville,
12 Julai 1955

Mpendwa Yaya Edouard,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wifi yangu Annie na watoto wote. Mko wazima? Na kifua chako je? Mtu mmoja aliyeshuka kutoka Mitwaba alituambia alikukuta unakohoa mlangoni pa duka, umevaa shati jepesi kama vile ni mwezi wa mvua. Vaa koti, Yaya. Najua hupendi kuambiwa na mdogo wako, lakini vaa koti.

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Baridi ya mwaka huu ni kali na vumbi linaingia mpaka ndani ya bukari tunayokula. Miguu inamsumbua Mama asubuhi, ila jua likipanda anatembea vizuri, na kutugombeza anatugombeza kama kawaida, kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Mume wangu Alphonse anakusalimu. Amepata baiskeli, na anaipangusa kuliko anavyompangusa mtoto wake makamasi. Huyo mtoto, Edith wetu, ameota meno ya mbele na anauma kila kitu, hata mimi.

Haya, nimesalimu, nimeuliza hali, nimefanya yote masista waliyotufundisha. Sasa niache niseme kabla sijapasuka. Najua unachotafuta katika barua hii, na ninakuomba usiruke mistari kwenda chini. Nakujua wewe. Soma kwa utaratibu, maana jambo lenyewe lilikwenda upande, likarudi upande mwingine, na ukiona mwisho tu utadhani nimekunywa.

Ulisema mwenyewe siku ya Pasaka, umekaa kwenye meza yangu, kwamba miaka minne ya kupaka rangi inatosha. Liévin, mdogo wetu, aonyeshe kazi zake za mwisho za shule ya uchoraji pamoja na wenzake. Akipata diploma, tutamwacha awe mchoraji. Akikosa, apande kamyo aje Mitwaba kukaa nyuma ya kaunta yako. Liévin alikubali. Mama alikubali. Mimi nilinyamaza, na hilo peke yake lingepaswa kukushtua.

Basi maonyesho yalikuwa Jumamosi, katika jumba moja kubwa kule mjini. Vijana wanaomaliza ni saba, na kila mmoja alipewa sehemu yake ya ukuta. Wazungu walikaribishwa asubuhi, sisi familia tukaambiwa tuje mchana, ila mabibi wao wengi tuliwakuta bado hawajaondoka. Nilivaa kile kitenge cha ndoa ya Alexis. Mama alivaa viatu, Yaya, viatu vya kufungwa, na hakulalamika hata mara moja. Njiani kote nilisema maneno mengi yasiyo na kichwa wala miguu mpaka Alphonse akaniomba nipumzike.

Ungeliona ukuta wa ndugu yako ungelikaa chini. Picha nne zilikuwa za ndege na samaki na majani, zimejaa mpaka pembeni, rangi juu ya rangi, kama wanavyopenda pale shuleni. Nzuri kabisa. Ila ya tano hatukuwa tumewahi kuiona. Aliificha shuleni mwaka mzima, amei­funika kwa shuka.

Ni Mama. Amepiga magoti kwenye beseni, uani kwetu kule kambi ya reli, mikono imeingia kwenye povu mpaka viwiko, na anachofua ni salopeti ya kazi ya Baba. Unajua ni siku gani. Ni siku ya kumaliza kilio, alipofua nguo za Baba kabla hazijagawiwa. Uso wake hauonekani vizuri kwa sababu anatazama maji. Lakini mgongo ule, Yaya, hata kipofu angeujua ni wa mama yetu. Nilishika mkono wa Alphonse nikaukaza mpaka akatoa sauti. Mama mwenyewe alitupia jicho kutoka mbali, akageukia picha za watu wengine. Hakusogea.

Desturi yao ni hii: kila kijana anasimama kando ya kazi zake, na waamuzi watatu wanapita, wanatazama na kumuuliza maswali. Mmoja wa hao watatu ni Mzungu mnene mwenye miwani, alikuja kwa ndege kutoka Léopoldville. Alipofika kwa Liévin akatazama ndege, akatazama Mama, akarudi kwa ndege. Halafu akasema kwa Kifaransa, polepole, kama mtu anayepima kitambaa, kwamba hizo nne ni za kijana, lakini hii ya tano si mkono wake, mwalimu amemsaidia. Nilisikia kila neno. Sikukaa kwa masista miaka yote ile masikio yameziba.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa mwekundu kama nyanya. Alisema hakugusa hata kona moja ya picha ile. Yule mnene akajibu kwamba yeye hawezi kutia sahihi diploma kwa kazi ya mtu mwingine. Wakaingia chumba cha pembeni, wanywe kahawa na wapatane.

Na Liévin? Unamjua, ukimwonea anakuwa bubu. Akawa anatazama viatu vyake. Mimi damu ilinipanda, nikainuka kwenda kumfundisha yule bwana adabu palepale kwenye kahawa yake. Mama alinikamata kitenge kwa nyuma. Nilimwona Liévin tayari yuko kwenye kamyo yako, Yaya, na nakwambia ukweli, nilikuchukia kidogo. Imeshapita.

Sasa sikiliza. Ni saa ile ndipo Nkandu alipoingia.

Nkandu yule yule, mtani wetu, anayeuza samaki wakavu wa Luapula sokoni. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu siku za babu, na huhitaji nikukumbushe desturi, maana siku ya ndoa yako yeye ndiye aliyekamata kiatu chako, ukaingia misa na kiatu kimoja mpaka tulipomletea kuku. Siku ya furaha ya mtani wake, Nkandu akikamata kitu hakirudi bure. Lazima kikombolewe kwa kile anachotaka yeye. Basi alikuwa amesikia sokoni kwamba leo ni sikukuu ya mtoto wa Baba, mzee Kalenga, akaja moja kwa moja na kitunga chake cha samaki kichwani, katikati ya wale mabibi wa Kizungu na kofia zao.

Alitazama ukuta wa Liévin, hakuuliza mtu. Akaichagua ile ya Mama, akaitoa msumarini, akaenda kukaa kwenye kiti katikati ya jumba, kitunga miguuni, picha mapajani, ameikumbatia.

"Hii iko yangu sasa," akasema. "Mwenye anaitaka, aikomboe."

Mabibi walirudi nyuma. Mmoja akasema mwizi, mwizi, kwa Kifaransa. Mlinzi wa mlango akaja mbio na fimbo. Mama ndiye aliyemzuia, na viatu vyake vya kufungwa.

"Wacha, baba," akamwambia. "Iko mutani yetu. Iko na haki."

Mlinzi naye ni mtu wa kwetu. Aliposikia neno mtani alikuna kichwa, akarudi mlangoni, akaanza kutazama barabara kana kwamba hajaona kitu.

Nilimwendea Nkandu nikamsihi. Nikamwambia leo si siku ya utani, wakubwa wako mle ndani, wakitoka wakakuta ukuta mtupu tumekwisha. Unadhani alinihurumia? Alisema siku isiyo ya utani yeye haijui. Nikamwahidi kuku. Akasema kuku wa kwetu alishamla mara moja, alikuwa mgumu kama mkanda. Nikamwahidi pombe. Akasema pombe yangu ni maji yaliyochacha. Haya ndiyo matusi yake ya kila siku, lakini saa ile nilitaka kumpiga na samaki wake mwenyewe.

"Sitaki kuku, sitaki pombe," akasema. "Liévin anichore miye. Hapa hapa. Na kitunga yangu."

Yaya, Liévin alicheka. Tangu tufike ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti. Alikwenda ukutani akabandua lile karatasi kubwa la kutangaza maonyesho, akaligeuza upande mweupe, akatoa kipande cha mkaa mfukoni, akakaa sakafuni mbele ya Nkandu.

Na Nkandu, kutulia hatulii. Anamtukana mfululizo, kama watani wanavyotukanana. "Ukinipa mudomo mukubwa, nitakufuata mpaka kwa bibi yako, kama utapata bibi. Nani atakukubali na vidole hivyo vyeusi? Ona vile anakaa, sawa chura." Watu wetu wanacheka mpaka wanashikana. Hata mabibi wa kofia wakasogea tena. Liévin anajibu matusi bila kuinua kichwa, na mkono unakwenda tu.

Hapo ndipo mlango wa chumba cha pembeni ulipofunguliwa.

Niliona kila kitu kwa macho yetu na kwa macho yao pia: msumari mtupu, mwanamke na kitunga cha samaki juu ya sakafu yao iliyong'arishwa, tangazo lao limebanduliwa. Nikasema moyoni, basi, kwisha. Lakini mwalimu mkubwa akainua mkono, wote wakanyamaza, isipokuwa Nkandu bila shaka. Yule mnene akaja taratibu akasimama nyuma ya mgongo wa Liévin. Liévin hakujua.

Uso wa Nkandu ulikuwa umeshamalizika, na jino lake lililovunjika, na lile jicho la kumdhihaki mtu. Samaki nao walikuwemo. Sasa Liévin akashuka na mkaa mapajani, kwenye picha iliyokamatwa, kwa sababu nayo ilikuwa mbele yake na asingeweza kuiruka. Akamchora Mama kwa mara ya pili, mdogo kama kiganja, mgongo umeinama, mikono majini. Mistari michache tu, bila kufuta. Ule mgongo wenyewe.

Yule bwana alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza kwa Kifaransa ni wapi alikojifunza kuchora watu namna hiyo. Liévin hakugeuka. Alidhani ni mwenzake, na alikuwa amezama kwenye kazi mpaka Kifaransa kilimtoka.

"Ku nyumba," akajibu.

Nani angejibu vizuri zaidi? Mwalimu alimtafsiria, na yule bwana hakusema tena habari ya mkono wa nani. Aliomba tu ile karatasi itundikwe ukutani pamoja na kazi nyingine. Nkandu akasema hapana, hili ni komboleo lake, wao watafute lao. Akairudisha picha ya Mama kwa mikono miwili, akakunja yake, akaiweka juu ya samaki, akaondoka kama alivyokuja. Mwalimu mkubwa mwenyewe alimfungulia mlango.

Jioni majina yalisomwa. Jina la Liévin lilipotoka nilipiga kigelegele ndani ya jumba lile la Wazungu mpaka madirisha yakaitika, na wamama wengine wakanipokea. Amepata, Yaya. Diploma, na sahihi zote tatu. Nimeigusa kwa mkono wangu, Alphonse ameigusa, Edith alitaka kuiuma.

Naandika haya na kicheko bado kiko kooni. Lakini kuna jambo moja la mwisho, na hili sikulicheka.

Watu walipopungua, Mama aliisogelea ile picha. Halafu akanyoosha kidole karibu kabisa na bega la salopeti, pale Liévin alipoweka rangi nyeusi kidogo.

"Hii mafuta ya mashini," akasema. "Nilisugua, nikasugua. Haikutoka."

"Najua, Mama," Liévin akasema. "Nilikuona."

Mama alilia, na sisi tukalia, na hakikuwa kilio cha msiba.

Bibi mmoja wa Kizungu alikuja akitaka kuinunua. Liévin akamwambia kwa heshima kwamba picha hii imeshapata mwenyewe. Nikamvuta pembeni nikamuuliza ni nani huyo mwenyewe, na kwa nini mimi sijui. Akasema ni wewe.

Mwaka ule wa msiba wa Baba mvua ilichukua daraja, ukafika kwetu ameshazikwa na nguo zake zimeshagawiwa. Ulikaa uani, ukaondoka kesho yake. Hujalizungumza tangu hapo, na sisi tuliogopa kukuuliza. Liévin anasema wote tulikuwepo isipokuwa Yaya, na yeye hakuwa na namna nyingine ya kukuita uje uone. Ndiyo sababu aliificha mwaka mzima, hata uliposema yale maneno ya Pasaka. Aliyasikia huku picha yako ikiwa imeshaanza.

Anapanda kamyo mwisho wa mwezi kukuletea. Atakaa kwako siku chache, halafu atarudi huku kwenye rangi zake.

Msalimie wifi Annie na umwambie mbegu za maboga alizotuma zimefika. Msalimie shangazi Mutale, na Mwaba na mumewe, na wote wanaotukumbuka huko. Mama anakutumia baraka yake. Ameniambia niandike kwamba ameweka mkono juu ya karatasi hii, na ni kweli, ameuweka. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe nguvu ya kuitazama hiyo picha.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikikukasirikia,

Laurentine