Usukani Juu ya Meza ya Chakula

Jumatatu, 3 Machi

Binti yetu ameleta usukani mzima ndani ya sanduku, pamoja na pedali zake. Ni wa mchezo wa mbio za magari kwenye kompyuta. Ameuazima kwa mwenzake kazini. Ameufunga kwa vibanio kwenye meza ya chakula. Hakuniomba ruhusa.

Mzee wangu, baba yake, hajaendesha gari tangu kiharusi kilipomwangusha mwezi Oktoba. Jumatatu ijayo daktari ataamua kama anaweza kurudi barabarani. Binti anataka afanye mazoezi mahali pasipo na mtu wa kugongwa.

Nilisema huo ni mchezo wa watoto. Kisha akauwasha, na usukani ukaanza kuzunguka peke yake — kushoto, kisha kulia — bila mkono wa mtu. Nilirudi nyuma hatua mbili. Mzee aliukamata kwa mikono yote miwili mpaka ukatulia.

"Sijapata kuacha usukani ujizungushe," alisema, "na sianzi leo."

Jumanne, 4 Machi

Nimeujaribu. Kokoto nilizihisi viganjani! Nilipopanda ukingo wa barabara, usukani ulinitikisa hadi kwenye kiwiko. Ni plastiki na mota, nami najua ni plastiki na mota. Hata hivyo nilitafuta breki kwa moyo wangu wote.

"Mwalimu, umemaliza abiria," mzee alisema, akacheka. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu Oktoba.

Kisha zamu yake. Miaka thelathini na mmoja ya mabasi ya masafa marefu, wala sikupata kumwona kazini; mimi nilikuwa darasani, yeye njiani. Vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo asubuhi vilishindwa na kifungo cha shati, vilikaa mahali pake bila kuamriwa. Kwenye kona hakuitazama kona. Nilidhani amezubaa. Kumbe macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kona inayofuata. Nimeishi na fundi huyu miaka yote hiyo!

Lakini gari linavuta kushoto. Penye barabara iliyonyooka linaingia majanini. Aliutazama mkono wake wa kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Bado kushoto. Kila asubuhi ni yale yale: binti anauwasha, usukani unaanza kuzunguka, mzee anaukamata, gari linakwenda majanini.

"Mwambieni daktari asijisumbue. Mkono umekufa."

"Haujakufa, baba. Umekuwa mvivu tu."

"Uvivu? Katika ukoo upi?"

Alijaribu mzaha, lakini leseni ameitoa kwenye pochi na kuiweka kabatini, chini ya mashuka.

Jumamosi, 8 Machi

Umeme ulikatika, ukarudi mzee akiwa bafuni. Usukani ulizunguka hadi mwisho huku, hadi mwisho kule, kisha ukasimama katikati. Hakuna aliyeugusa. Mzee akatoka na taulo shingoni, akaketi, akaendesha. Gari lilinyooka kama mstari wa rula.

Binti akauzima, akauwasha tena, akamwomba mzee afanye kama kawaida yake. Mzee akaukamata. Kushoto tena. Binti alicheka hata akaketi sakafuni.

Maelezo ni haya: unapowashwa, usukani hutafuta miisho yake miwili ili uijue katikati yake. Anayeuzuia anaudanganya. Tangu Jumanne tumeuhukumu mkono usio na kosa.

Niliukodolea usukani macho muda mrefu. Kitu kisicho na akili, na bado hakianzi safari kabla ya kujua katikati yake ni wapi.

Mzee amerudisha leseni kwenye pochi.

Jumapili, 9 Machi

Leo binti alimwekea njia za mjini, zenye magari. Niliketi kando ya mzee. Alipita kwenye msongamano kwa utulivu ambao sina maneno yake. Gari likitokea kulia, breki ilikuja mapema, taratibu, kama ya mtu mwenye abiria waliosinzia.

Kwenye makutano, lori jekundu lilitokea kushoto. Mimi nililiona tangu mbali. Hakupunguza mwendo. Usukani ulipiga mshindo, vikombe vikagongana.

"Baba, lori."

"Lori gani?"

Binti alianza upya. Gari jeupe, kutoka kushoto. Hakuliona. Mara ya tatu, basi zima. Mzee anasema mchezo huu una hila, magari yanazuka. Hana wasiwasi hata kidogo. Macho yake ni mazima. Anasoma herufi ndogo kuliko ninazosoma mimi. Ni upande mmoja wa dunia tu ambao kwake haupo, naye hajui kwamba haupo. Sijui kama hii ni hofu au ni mshangao wa kuona jinsi mtu alivyoumbwa.

Daktari ataniuliza kesho kama nyumbani tumegundua lolote.

Sasa ni saa kumi na moja jioni. Jikoni binti amefungua bomba la maji, na haoshi chochote. Mzee anapiga pasi shati la kesho. Ananiuliza kutoka chumbani: atakaponiendesha kesho kutoka kwa daktari kurudi nyumbani, nitakaa kiti cha mbele au cha nyuma?