Jiko la Susu Halibomolewi

Jumapili, Mukuyuni

Hapana, sikukubali. Asubuhi Anko Mutua alileta mafundi wabomoe jiko la nyanya yetu, Susu, tuliyemzika mwezi jana. Anataka kujenga duka hapo.

"Mama hayuko tena," akaniambia. "Unamlindia nani?"

Niliingia nikawasha moto, nikabandika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, kama Susu alivyotupikia kila Jumapili. Alipenda tu kutuona tukila pamoja, tukicheka, chai ikiwa na maziwa mengi.

Kisha nikawapigia binamu zangu simu. Wakaja wote. Hata mafundi waliketi wakala.

Anko alikataa sahani, akaondoka. Naogopa hasira yake, kusema kweli. Lakini akirudi kesho, atanikuta humo ndani nikipika.