Nilimnyima Mtoto Maji ya Ubatizo

Mpendwa mshauri Mama Aurelia,

Naomba msaada wako, na kabla sijaendelea nakuomba usitaje jina langu wala kijiji chetu, sema tu bonde la Kilombero inatosha, maana huku tunafahamiana wote na gazeti hili likifika kigangoni, kwenye kikanisa chetu, linapita mkono kwa mkono, na mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, ndiye ninayeongoza rozari, ndiye ninayeitwa mgonjwa akizidiwa, na watu wananiita "mwalimu wetu" ingawa sijawahi kusimama mbele ya darasa lolote. Siku hizi nikiitwa hivyo natamani ardhi ipasuke inimeze. Hata majina ya watu niliyoweka humu siyo ya kweli.

Mimi nilizaliwa katika ukatoliki, nikafundishwa na masista, nikakariri maswali na majibu ya katekisimu, ukikosea neno moja ni fimbo, nikapata komunyo, nikapata kipaimara, na tangu siku ile askofu aliponipaka mafuta nilijihesabu nimemaliza. Semina za watu wazima zikitangazwa sikukosa sababu, mara napalilia, mara nafukuza ndege kwenye mpunga, na ukweli wenyewe ni kwamba moyoni nilikuwa nasema, huyu katekista Evodius niliyembeba mgongoni akiwa mtoto, atanifundisha nini mimi?

Mwaka jana, mvua za Elinino ziliponyesha kama hazina mwisho, tulikuwa mashambani kwenye madungu, vile vibanda vyetu vya juu tunavyokaa kulinda mpunga. Jirani yangu shambani ni binti mmoja, nimwite Justa, Mndamba mwenzangu, aliyeolewa na Msukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake, nimwite Masunga. Masunga hakuwa na dini yetu, lakini alianza mafundisho ya ukatekumeni, yale ya kujiandaa kubatizwa, kwa kumpenda mkewe, na baadaye tukaona kwamba ameyapenda kwa ajili yake mwenyewe, anatoka malishoni na matope mpaka magotini anakuja kukaa kwenye benchi na kuuliza maswali. Walipata mtoto wa kiume, wa kwanza, wakamchagulia jina la Polikarpo, wakasema wangoje Pasaka ili baba na mwana wabatizwe siku moja.

Kabla ya Pasaka mto ukapanda, barabara ya kwenda Ifakara ikamezwa na maji, na mtoto akashikwa na homa. Masunga alikwenda kutafuta mtumbwi wa kumvusha mtoto hospitali, na Justa akatuma mtu aniite. Nilifika alasiri nikakuta mtoto anahema kwa shida, macho yamegeuka, nikatoa rozari nikaanza kusali. Hatujafika mbali Justa akanishika mkono.

"Mama, nakupigia magoti. Mmwagie maji mwanangu. Bibi yangu alikuwa akisema ikibidi mtu yeyote anaweza."

"Bibi yako alisomea wapi?" nikamwambia. "Kubatiza ni kazi ya padre. Mtu wa kawaida akithubutu anamkufuru Mungu, tena mwanamke! Unataka kumwongezea mtoto laana?"

"Padre hawezi kufika, mama. Maji yamefunga njia."

"Basi tusali."

Akaniachia mkono. Mama Aurelia, maji yalikuwa yametuzunguka kila upande mpaka macho yanapoishia, yalikuwa chini ya ngazi ya dungu, yalikuwa kwenye ndoo pembeni yangu, yalikuwa yanavuja kutoka kwenye nyasi za paa, na mimi nikamkosesha yule mtoto tone la kumwekea kwenye paji la uso. Alikata roho mikononi mwa mama yake rozari haijaisha, na baba yake alifika na mtumbwi tumeshamfunika.

Tulimzika kwenye kichuguu kilichobaki kikavu. Majirani wakaniangalia mimi nianzishe wimbo. Nikawaambia mtoto huyu hakubatizwa, hatuna sala ya kumsalia. Masunga akauliza, kwa upole kabisa, "Kwa hiyo mwanangu yuko wapi?" Nami nikamjibu kwa sauti ya mtu anayejua, nikamwambia yuko gizani, hateswi, lakini uso wa Mungu hatauona kamwe. Masunga akachukua jembe mikononi mwa vijana, akafukia mwenyewe, na alipomaliza akasema, "Mungu asiyemtaka mtoto wangu, mimi namtakia nini?" Tangu siku hiyo hajakanyaga kigangoni, na Justa naye ameacha, na mimi, Mungu anisamehe, niliwasema kwenye jumuiya kwamba imani yao haikuwa na mizizi.

Baada ya mavuno padre akatangaza kwamba kiongozi asiyehudhuria semina aachie nafasi, ndiyo nikaenda Ifakara, nikakaa nyuma kabisa, nimenuna. Mwalimu Evodius akauliza, mtu akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, nani anaweza kumbatiza? Msichana mmoja wa kwaya, Eliza, akajibu kama anayeulizwa jina la baba yake: "Mtu yeyote, mwalimu. Mwanamume au mwanamke, hata ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi akusudie lile ambalo Kanisa linakusudia. Anamwaga maji anasema, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Wenzangu wakatikisa vichwa kuafiki. Evodius akaendelea kueleza kwamba mtoto akifa bila ubatizo Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na kwamba sala za kumzika zipo. Nilitoka nikaenda nyuma ya jengo nikatapika. Mama mmoja akaniuliza kama ni malaria, nikamwambia ndiyo.

Niliyemwambia ni mume wangu Remigius tu, naye akasema, "Nyamaza. Mtoto harudi. Ukimwambia Justa kwamba maji yale yangefaa, utakuwa umemzika mwanawe mara ya pili." Labda ni kweli. Lakini nikikutana na Justa njiani ananiambia "Shikamoo mama" huku ameinamisha macho kana kwamba mwenye kosa ni yeye, mpaka nimeanza kuzunguka njia ya mbali nisipite kwake. Kwenye kitubio napanga foleni ya kuungama, zamu yangu ikikaribia naondoka. Na sasa uchaguzi wa jumuiya umefika na wanasema watanirudisha bila kupingwa. Je, nimwambie Justa au nimwache na amani kidogo aliyonayo? Nijiuzulu kimya kimya niseme ni afya? Na mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu, anaanzaje tena kukaa darasani na vijana? Nionee huruma, lakini niambie kweli.

Mimi Mwenye Aibu,
Bonde la Kilombero.

MAMA AURELIA ANAJIBU

Dada yangu Mwenye Aibu,

Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kwanza. Nimeshaandikiwa mengi kwenye safu hii, ya waume na wakwe na mashamba, lakini kichuguu kile kilichozungukwa na maji kimekataa kunitoka machoni.

Umeomba kweli. Homa ndiyo iliyomuua mtoto. Wewe hukumuua, na ukijibebesha kifo chake utakuwa unajipa ukubwa ambao huna. Kutokujua kwako peke yake nisingekugombeza, kwa sababu hakuna anayezaliwa anajua. Ninachokugombeza ni kwamba uliitwa kufundishwa, mwaka baada ya mwaka, ukakataa kwa kiburi, halafu ukasimama kaburini ukamfungia mlango mtoto wa watu kwa maneno ambayo Kanisa halikukutuma useme. Ungesema "sijui," Masunga angekuwa bado anauliza maswali yake kwenye benchi. Neno hilo ni fupi, dada yangu. Viongozi wa dini wengi wangefanya vizuri kulizoea.

Nani alikuambia kipaimara ni cheti cha kumaliza shule? Mbegu ya mpunga aliyokuachia mama yako unaibadilisha bwana shamba akileta nyingine, unamsikiliza, unauliza nafasi ya kupandia, na yule bwana shamba ni mdogo kuliko wanao. Lakini habari za Mungu ulitaka zikutoshe zile ulizokariri ukiwa na meno ya utoto, kwa kuogopa fimbo. Mimi ni mjane mwenye mvi, na kila Kwaresima narudi kwenye mafundisho na kila mara nakuta kuna jambo nililolishika kichwa chini miguu juu. Naona haya, naandika, naendelea. Hivyo ndivyo Mkristo anavyokua mpaka siku ya kufa.

Sasa mumeo. Msalimie, mwambie amekosea. Justa hana amani. Anainamisha macho kwa sababu ulimwambia kwamba alichoomba ni kufuru, na yeye anaamini kwamba karibu amletee mwanawe laana. Mwaka mzima anatembea na hilo! Mama yule aliomba jambo la haki, kwa imani kubwa kuliko yako, na hakuna anayeweza kumrudishia haki hiyo isipokuwa wewe. Isitoshe, hayo maji yatatajwa tena kigangoni na mtu mwingine. Atasikia, atapiga hesabu, na atajua kwamba ulijua ukanyamaza.

Basi nenda. Nenda kwanza kwa padre, na safari hii usitoke kwenye foleni. Kisha mwombe Mwalimu Evodius akusindikize, ndiyo, huyo huyo uliyembeba, uende kwa Justa mchana kweupe mumewe akiwepo. Usianze na machozi yako. Huendi kufarijiwa, na mama aliyefiwa asilazimike kukubembeleza. Anza na mtoto: waambie uliyosema kaburini hayakuwa mafundisho ya Kanisa, na Evodius awaeleze vizuri. Halafu yaseme ya maji, yote, kwamba yeye alikuwa sahihi na wewe ulikosea. Usiseme "lakini." Wakikufukuza, ondoka. Masunga akikutukana, pokea, na usithubutu kumwambia arudi kwenye mafundisho. Muulize padre kama anaweza kuja kusali kaburini, kama wazazi watapenda.

Kujiuzulu kwa kisingizio cha afya ni njia nyingine ya kuzunguka nyumba ya Justa. Ulikosea mbele za watu, sahihisha mbele za watu. Simama kwenye jumuiya kabla ya uchaguzi, sema ulichokosea, futa na yale uliyowasengenya Justa na mumewe, kisha waache wenyewe waamue. Wakichagua mwingine, mpigie makofi.

Na darasani utaanza hivi: utachukua kanga yako, utakwenda, utakaa benchi la mbele. Usipoelewa nyoosha mkono.

Mama Aurelia

Jibu hili nilimtumia dada huyu kwa posta kabla ya kulichapa. Alichoniandikia baadaye nimekiweka hapa kwa ruhusa yake:

"Mama, nilikwenda na Evodius. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyenikaribisha kiti. Masunga alisikiliza mpaka mwisho, akatoka akaenda kwa ng'ombe wake. Justa alisema neno moja, 'Toka,' nikatoka.

"Kwenye jumuiya nilisema yote. Bibi mmoja mzee sana, Bibi Sikitu, akaanza kulia, akasema yeye alizika wanawe wawili wasiobatizwa bila wimbo enzi za ujana wake na hakuna aliyewahi kumwambia lolote. Tuliwaimbia hao wawili siku hiyo hiyo. Uenyekiti amepewa mwingine.

"Padre alikuja kusali kaburini. Masunga alisimama mbali, fimbo begani, lakini hakuondoka mpaka padre alipofunga kitabu.

"Jana nilikuwa nakwenda kwenye mafundisho, nikamkuta Justa amesimama njiani. Hakunisalimu. Aliuliza wanaanza saa ngapi. Nikamwambia saa tisa. Akaangalia jua, akasema, 'Ongeza mwendo basi, tutachelewa.'"