Hjördis Norlin, Mpishi Aliyezima Jiko la Granberget

Ni mwaka mmoja sasa, Bibi Hjördis, tangu uondoke kikaoni bila kuomba ruhusa ya mwenyekiti. Angefanya hivyo mtu mwingine yeyote wa familia hii, ungemrudisha aombe upya.

Nyumba imekuwa kimya. Hakuna anayegonga meza kwa kijiko wajukuu wakizungumza wote kwa pamoja. Viazi vinafika mezani bila mjadala. Tulidhani tungefurahia uhuru huu. Hatukuufurahia.

Jirani akiugua, ulimpelekea supu ya njegere, ukasimama mlangoni mpaka amalize, kisha ukaondoka na sufuria. Upendo wako ulikuwa mkubwa, lakini sufuria ilikuwa moja.

Hayo wengi wanayajua. Wachache wanajua jinsi wapishi wa kambi walivyoingia katika chama cha wafanyakazi wa misitu wilayani kwetu. Tunayaandika hapa kwa sababu wewe uliyasimulia huku ukicheka, na anayecheka hasadikiwi.

Ilikuwa majira ya baridi, vita vimekwisha. Ulikuwa msichana, baba yako amefariki, mama yako na wadogo zako wako bondeni wakitegemea mshahara wako. Kule kambini Granberget, msituni, wanaume walikata miti, wewe ukawapikia. Uliamka kabla yao na kulala baada yao. Wao walilipwa na kampuni. Wewe ulilipwa na wao, kila mmoja akichanga kutoka katika ujira wake. Ulipolala na homa wakakunyima mshahara, tena wakazungumza mbele yako kuhusu kutafuta mpishi mwingine. Ndipo ulipoomba kujiunga na chama.

Rudolf Hedin, mkataji mwenzao na mwenyekiti wa tawi la chama, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

"Dada yangu, chama kinapambana na waajiri. Wewe mwajiri wako nani?"

"Ninyi."

"Sisi?"

"Ninyi hapo mnaolamba sahani."

Asubuhi iliyofuata walikuta jiko limezimwa, nawe umeketi kitandani na koti lako, mikono umeikunja. "Nimegoma," ulisema. "Kampuni ikiwafanyia hivi, si mnagoma?"

Wakapika wenyewe. Ulidai kwamba uji wao ulikatwa kwa msumeno. Babu hadi leo hataki kuzungumzia uji. Nyama ya nguruwe iliyohifadhiwa kwa chumvi waliikaanga bila kuiloweka, wakashinda wakinywa maji kama farasi. Walikuwa na hasira pia. Neno moja tu lingetosha, ungepakiwa kwenye sleji ya kuteleza thelujini pamoja na sanduku lako, na mama yako angekuona unarudi mikono mitupu.

Rudolf akaitisha kikao. Mkataji mmoja mzee akasema, "Jamani, baba zetu walitolewa nyumbani mwao na kampuni kwa sababu ya chama hiki. Leo kampuni ni sisi?"

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono, uingie chamani au la. Wote wakakubali, isipokuwa kijana mmoja aliyekaa karibu na mlango, Evald Norlin. Yaani Babu.

Tulikuuliza mara nyingi ilikuwaje ukaolewa na mtu huyo. Ulisema ulimfuata nje kwenye theluji.

"Evald, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Na mimi nina mama anayesubiri hela. Haki yako itatoka mfukoni mwangu."

"Hapo nikamtazama vizuri," ulitusimulia. "Wenzake wote walikuwa wamepigia kura chakula. Yeye peke yake ndiye aliyeelewa nilichokuwa ninaomba."

Mkasimama pale mpaka masikio yakafa ganzi, mkatoka na hoja moja: mpishi alipwe na kampuni. Ilipita wilayani baada ya vikao vingi na matusi ya kadiri. Kambi moja baada ya nyingine ikafuata, na wapishi wakawa wanachama kama wengine.

Tangu uondoke, Babu anapika mwenyewe. Hataki msaada wa mtu. Anaanza viazi vya mchana mara tu baada ya kifungua kinywa, na bado tunachelewa kula. Jumapili iliyopita, vyombo vilipokwisha kuoshwa, aliketi na kitambaa begani, akatazama mikono yake iliyochubuka kwa maji.

"Nilisema hapana," akatuambia, "na sikuwahi hata siku moja kumuuliza kazi hii ikoje."

Kisha akainuka kuwasha jiko, maana wakati wa chakula cha jioni ulikuwa umefika.

Unakumbukwa na mume wako Evald; watoto wako Barbro na Sixten; mkweo Maj-Lis; wajukuu zako Ylva na Torkel; na wanachama wa tawi.

Daima tutakukumbuka, Bibi, hata tukiwa tumeshiba.